Nani Abebe "Eti"? Uvumi na Ushahidi katika Riwaya Mbili za Maisha ya Mfalme Richard III

Ikisiri

Makala hii inahakiki riwaya mbili za Kiingereza zinazomtetea Mfalme Richard III wa Uingereza (1452–1485): *The Daughter of Time* ya Josephine Tey (1951) na *The Sunne in Splendour* ya Sharon Kay Penman (1982). Kwa kulitumia neno *eti* kama kipimo cha uhakiki, makala inadai kwamba riwaya ya kwanza inaufichua uvumi wa wengine na kuuficha wa kwake, ilhali ya pili, ambayo haijifanyi mahakama, inamtendea msomaji haki zaidi. Mwishoni, hoja hiyo inahusishwa na uhakiki wa kazi za kihistoria za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada ya juu anapotakiwa kuhakiki kazi ya kihistoria, aghalabu hutoa moja kati ya hukumu mbili. Ama husema kwamba mtunzi "amepotosha historia", ama husema kwamba kazi hiyo "ni ubunifu tu", hivyo haiulizwi ukweli. Hukumu hizi zinaonekana kupingana, lakini zina kasoro moja: zote mbili humwondolea mhakiki wajibu wa kuchunguza jinsi lugha ya kazi inavyomfanya msomaji asadiki. Kisa cha Richard III kinafaa kutumiwa kulichunguza jambo hilo kwa sababu ushahidi wake ni haba, nao uvumi ni mwingi.

Edward IV alifariki Aprili 1483, akaacha watoto wawili wa kiume: Edward, mwenye umri wa miaka 12, na Richard, mwenye umri wa miaka 9. Ndugu wa marehemu, Richard wa Gloucester, alikuwa mlinzi wa ufalme; kwa mtazamo wetu wa ujamaa tungemwita baba mdogo wa watoto hao. Ndoa ya wazazi wao ilitangazwa kuwa batili, na Julai mwaka huohuo baba mdogo akatawazwa. Watoto waliokuwa katika Mnara wa London hawakuonekana tena. Miaka miwili baadaye Richard aliuawa katika vita vya Bosworth, na Henry Tudor akashika ufalme.

Zitazamwe sentensi tatu:

(1) Richard aliwaua watoto wa kaka yake.
(2) Huenda Richard aliwaua watoto wa kaka yake.
(3) Eti Richard aliwaua watoto wa kaka yake.

Sentensi ya (1) ni dai, na ya (2) ni makisio ya msemaji mwenyewe. Katika (3), msemaji anaileta habari na papo hapo anakana kuwa ni yake. Mara nyingi anadokeza pia kwamba haiamini. Kiingereza nacho kina njia zake za kufanya hivyo, lakini neno *eti* linatupa swali jepesi la kuiuliza kazi yoyote ya kihistoria: katika simulizi hii, ni nani aliyeachiwa kubeba *eti*, na ni nani aliyevuliwa?

2.0 Isnadi ya Thomas More

Katika riwaya ya Tey, mpelelezi Alan Grant amelazwa hospitalini akiwa amevunjika mguu. Analetewa picha za watu wa kale ili apitishe muda, na picha ya Richard inamshangaza: uso anaouona si wa mhalifu, bali wa mtu ambaye angeketi kwenye kiti cha hakimu. Anaanza uchunguzi kitandani akisaidiwa na kijana wa Kimarekani, Brent Carradine.

Sehemu bora ya riwaya ni ile inayomshughulikia Thomas More, ambaye maandishi yake kuhusu Richard ndiyo yaliyopitia kwa watunzi wa tarihi hadi kumfikia Shakespeare. Grant anagundua jambo ambalo msomaji aliyezoea elimu ya hadithi za Mtume angeliuliza mwanzoni kabisa: isnadi yake ikoje? More alizaliwa 1478, hivyo mwaka 1483 alikuwa mtoto wa miaka mitano. Alilelewa kwa muda katika nyumba ya John Morton, adui wa Richard aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury chini ya Henry VII. Shahidi aliyedhaniwa kuwa wa kwanza si shahidi hata kidogo. Ni mpokezi, na aliyempokeza alikuwa na maslahi. Tey anaifikisha hoja hiyo kwa umahiri mkubwa, na bila shaka imewafunza wasomaji wengi kuuliza chanzo kabla ya kusadiki.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo riwaya haimtendei More haki. Maandishi yake yamejaa vidokezo vya tahadhari. Mara nyingi anaeleza kwamba habari fulani ndivyo watu wasemavyo, na katika habari za kuzaliwa kwa Richard anaonya kwamba huenda chuki imewafanya watu wapite mpaka wa ukweli. Kwa maneno mengine, More aliibeba *eti* yake hadharani. Walioiangusha ni waliomfuata: watunzi wa tarihi walioyanakili maneno yake, kisha jukwaa, ambalo kwa asili yake haliwezi kusema *eti*, kwa kuwa kinachotendwa mbele ya macho ya hadhira huonekana kuwa kimetendeka. Grant anausoma mtindo huo wa More kama umbea wa watumishi. Haufikirii kuwa unyoofu wa mwandishi anayejua mipaka ya anachokijua.

3.0 Ushahidi Unapogoma

Kipimo cha riwaya ya upelelezi ni jinsi inavyoupokea ushahidi usioipendeza. Karibu na mwisho, Carradine anafika akiwa amevunjika moyo: Tarihi ya Crowland inataja uvumi wa kifo cha watoto hao wakati Richard angali hai, na mapema mwaka 1484 Kansela wa Ufaransa alitoa tuhuma hiyo hadharani. Grant hatetereki. Anaupeleka uvumi wote kwa Morton, ambaye angeweza kuueneza kote kuwili. Hapa pana mgeuko wa kisarufi unaostahili kuangaliwa. Hoja inaanza katika uwanja wa *-ngeli-* na *huenda*. Baada ya kurasa chache inazungumzwa kwa *-li-*, kana kwamba safari ya uvumi huo imeshuhudiwa. Hakuna ushahidi mpya ulioingia kati. Kilichobadilika ni njeo tu.

Zaidi ya hayo, riwaya haimshughulikii Dominic Mancini, Mwitalia aliyekuwa London mwaka 1483 na kuondoka mara baada ya Richard kutawazwa. Mancini aliandika kwamba aliwaona watu wakilia mtoto mkubwa alipotajwa, na kwamba tayari palikuwa na shaka kuwa ameuawa. Hakuthibitisha kifo hicho. Naye aliibeba *eti*. Maandishi yake yaligunduliwa huko Lille na kuchapishwa mwaka 1936, miaka 15 kabla ya riwaya ya Tey. Kadhalika, picha inayoanzisha uchunguzi wote ilichorwa mwishoni mwa karne ya 16, takriban miaka mia moja baada ya kifo cha mfalme. Uso anaousoma Grant ni habari ya kupokewa, sawa na maneno ya More.

Kasoro hiyo inajirudia katika dhana maarufu kuliko zote katika riwaya. Grant anatumia jina la mji wa Tonypandy, huko Wales, kuwa jina la tukio la uongo ambalo kila mtu analiamini na wanaojua wamenyamaza. Lakini machafuko ya mwaka 1910 si ngano. Ni kweli kwamba wanajeshi walipelekwa kwenye bonde la Rhondda, na mchimba makaa mmoja alifariki. Maelezo ya Grant yanayoyapunguza mambo hayo yanahitaji *eti* kama tarihi yoyote ya akina Tudor. Wachimba makaa, tofauti na mfalme, hawakupata mpelelezi wa kuwatetea.

4.0 Penman na Haki ya Kubuni

*The Sunne in Splendour* inafuata njia nyingine. Penman anamchukua Richard akiwa mtoto wa miaka saba mwaka 1459 na kumsindikiza hadi Bosworth na baada yake. Msimulizi wa nafsi ya tatu anaingia katika mawazo ya wahusika wengi bila kuomba radhi. *Eti* haipo kabisa. Watoto wanauawa, na mhusika wa mauaji ni Buckingham, ambaye ni mshirika wa mfalme.

Mtu angetarajia kwamba riwaya isiyo na *eti* hata moja ndiyo ingekuwa na hila zaidi. Sivyo. Mwandishi anayetuingiza kwenye ndoto ya mfalme ametukumbusha kwa kitendo hichohicho kwamba anabuni, kwani hakuna hati inayoweza kuhifadhi ndoto. Isitoshe, nje ya usimulizi, katika maelezo yake kwa msomaji, Penman anazungumza kama mtafiti anayepima mambo. Udhaifu wake uko kwingine. Richard wake ni mwema kiasi kwamba maamuzi mazito ya mwaka 1483, kama vile kumkata kichwa Hastings bila hukumu ya mahakama, yanaelekea kuonekana kama mambo yaliyompata, si mambo aliyoyatenda. Kumsafisha mfalme kumemnyang'anya utendaji.

Mwaka 2012 mifupa ya Richard ilifukuliwa chini ya eneo la kuegesha magari huko Leicester, na mwaka 2013 utambulisho wake ukatangazwa, vinasaba vya upande wa mama vikiwa sehemu ya ushahidi. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kweli. Mkono uliodaiwa kunyauka haukuwa na kasoro hiyo. Uvumi wa kale, basi, haukuwa uongo mtupu wala ukweli mtupu. Kuhusu watoto, mifupa hiyo haikusema lolote.

5.0 Hitimisho

Ebrahim Hussein, alipochapisha *Kinjeketile* mwaka 1969, alitanguliza maelezo yanayomtenga Kinjeketile wa historia na Kinjeketile wa jukwaani. Wapo wanaoyapita maelezo hayo kama adabu ya kawaida ya utangulizi. Kwa mwanga wa mjadala huu, ni sehemu ya maana ya kazi: mtunzi anaibeba *eti* yake mlangoni, kisha anaandika tamthiliya ambayo kiini chake ni neno linalokua hadi kumshinda aliyelitamka.

Kwa hiyo, tunapofundisha kazi za kihistoria, tusiishie kuuliza kama mtunzi amesema kweli. Tuwaelekeze wanafunzi waitafute *eti*: ilikuwapo katika chanzo gani, iliangushwa na nani, na kwa manufaa ya nani. Tey anastahili shukrani kwa kutufunza kulisikia neno hilo katika vinywa vya washindi wa Bosworth. Kilichombakia ni kulisikia katika kinywa cha mpelelezi wake.