Rangi njo inauza? Tuache kudanganyana

Kila mwaka nasoma TFC moja ao mbili za marketingi zenye kusema kitu kimoja: nyekundu inaleta njaa, buluu inaleta imani, kijani ni afya. Mwanafunzi anagawa karatasi za maulizo kwa watu mia moja, "unapenda rangi gani?", anapiga asilimia, juri inamupongeza. Mimi pia niliandika vile, kwa hiyo sicheki mutu.

Lakini uende ku soko ya Kadutu, hapa Bukavu, usimame pembeni ya mama mwenye butiki nusu saa tu. Watoto wanatumwa: "Mama amesema umupatie maziwa ya sashe ya buluu." Pale rangi haiamshi njaa wala imani. Iko kama jina la kitu. Na jina, kila mutu anaweza kuliiba.

Coca-Cola yenyewe iliona hiyo. Mwisho wa 2011, kule Marekani, ilitoa mikebe myeupe ya sikukuu juu ya kusaidia dubu wa barafuni. Watu wakaichanganya na Diet Coke, yenye mukebe wa rangi ya feza. Wengine wakasema hata ladha imebadilika, na kinywaji kilikuwa kilekile! Kampuni ikarudisha nyekundu mbio-mbio. Wale watu hawakulalamika kwamba kiu imepunguka. Walilalamika juu walikamata kitu kingine.

Sasa nieleze ya kwetu. Mama yangu alikuwa ananunulia mujukuu wake maziwa ya unga: sashe ya buluu, ng'ombe juu, kama ile ya siku zote. Miezi miwili ikapita. Siku moja nikageuza sashe. Kwa Kifaransa, na herufi ndogo kama punje za ulezi, waliandika kwamba mafuta yake ni ya mimea, si ya maziwa. Mama anasoma Kiswahili vizuri kunishinda, lakini pale hapakuwa neno hata moja la Kiswahili. Kitu pekee alichoweza kusoma ilikuwa rangi. Wenye kutengeneza walijua hiyo. Hakuna aliyechagua ile buluu kwa bahati.

Ndiyo maana zile TFC zetu zinanikasirisha (na yangu ndani). Zinafundisha muuzaji namna ya kuvuta macho, hazimuulize mununuzi hata siku moja: ulifikiri umenunua nini? Australia, serikali iliingilia: tangu Desemba 2012 pakiti zote za sigara ziko na rangi moja ya matope, iliyochaguliwa makusudi ichukize. Kwa hiyo rangi si mapambo tu, ni jambo la sheria pia. Wewe mwenye kutafuta mada mwaka huu, beba sashe kumi kutoka soko, ufunike maandishi, uulize mama kumi ni kitu gani.

Mama yangu angali anatuma mutoto: "Ulete ile ya buluu." Siku hizi anaongeza: "Lakini upite kwanza kwa mujomba wako aisome."