Toleo na Sura: Neno Moja Lisibebeshwe Mizigo Miwili

Hivi karibuni tulipata nafasi ya kusoma rasimu ya kijitabu cha mafunzo ya kompyuta kilichokusudiwa walimu wa shule za sekondari. Kijitabu hicho kinaeleza jinsi ya kuweka Linux Mint, mfumo endeshi huria ulioanza mwaka 2006, ambao umependwa hasa na wanaojifunza kwa kuwa haumtatizi mgeni. Kiswahili cha mwandishi ni fasaha, na juhudi yake yastahili pongezi. Hata hivyo, liko neno moja ambalo hatuna budi kulisemea, nalo ni neno toleo.

Katika ukurasa mmoja msomaji anaambiwa achague “toleo la 22”. Katika ukurasa unaofuata anaambiwa achague “toleo la Xfce”. Mbele kidogo anaonywa kwamba “toleo la zamani” si salama. Je, ni toleo lipi hilo la zamani? Xfce au 22? Aliyezoea mambo haya atafahamu bila shida. Anayeanza, ambaye ndiye aliyeandikiwa kijitabu, hana njia ya kujua.

Tuzitenganishe dhana hizi. Kwanza, yako matoleo yanayofuatana kwa namba. La 20 lilitoka mwaka 2020, la 21 mwaka 2022, na la 22 mwaka 2024. Kila moja limejengwa juu ya toleo la muda mrefu la mfumo uitwao Ubuntu, na hupata marekebisho ya usalama kwa muda wa miaka mitano hivi. Huduma ya toleo la 20 ilikoma mwaka 2025. Ya 21 imepangiwa kukoma mwaka 2027, na ya 22 mwaka 2029.

Pili, ziko Cinnamon, MATE na Xfce. Hizi hazifuatani, hutoka chini ya namba moja, na muda wa huduma yake ni mmoja. Kinachozitofautisha ni eneokazi, yaani uwanja wa madirisha, orodha na alama unaomkabili mtumiaji awashapo kompyuta. Cinnamon, iliyobuniwa na watengenezaji wa Mint wenyewe mwaka 2011, ndiyo yenye mapambo mengi zaidi. Xfce, ambayo asili yake ni mwaka 1996, ni nyepesi na huifaa mashine kuukuu. MATE, inayoendeleza eneokazi la zamani la GNOME 2, iko baina ya hizo mbili.

Hasara ya kuchanganya dhana hizi si ya wanaisimu peke yao. Mwalimu mwenye kompyuta kuukuu akiambiwa atafute “toleo jepesi”, ataweza kudhani kwamba mashine ya zamani yataka namba ya zamani. Ataweka toleo la 20, ambalo halirekebishwi tena, na kuwaacha wanafunzi wake bila kinga; ilhali alichohitaji ni la 22 lenye Xfce. Jambo hili lina uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10, kwani mashine nyingi zilizo nzima bado haziwezi kupokea Windows 11, na wenyewe wanatafuta mfumo mwingine.

Basi tutumie maneno gani? Toleo libaki kwa kile kinachofuatana kwa namba, kama lilivyo katika vitabu: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na toleo lake la pili mwaka 2004. Kwa Cinnamon na wenzake, neno aina ni pana mno. Chapa nalo halifai, kwa sababu katika vitabu hutaja kupigwa chapa upya, na katika biashara hutaja alama ya bidhaa. Sisi tunapendekeza sura. Neno hili lataja hasa kile kinachotofautiana, na tayari limo ndani ya kiolesura, istilahi iliyokwisha kuzoeleka. Ni kweli kwamba sura ni pia sehemu ya kitabu, lakini muktadha utaondoa utata huo.

Pendekezo letu lina mpaka wake. Upo mfumo uitwao LMDE, wenye sura ya Cinnamon lakini uliojengwa moja kwa moja juu ya Debian badala ya Ubuntu. Hapo tofauti iko katika msingi, wala sura haitoshi kuieleza. Tungeuita tawi.

Kwa msamiati huu, mwandishi wetu angeweza kusema kwa ufupi: “Chukua toleo jipya linalohudumiwa, kisha chagua sura kwa kadiri ya nguvu za kompyuta yako.” Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Katika sura, usemi huo wafaa: anayeanza asipoteze siku nzima akipima Cinnamon na MATE, maana zote mbili zitalima. Katika toleo haufai hata kidogo, kwani hapo kinachochaguliwa ni miaka ya usalama iliyosalia.

Tunawaomba wafasiri na walimu wayapime maneno haya darasani na ofisini, na wenye maneno bora zaidi watuletee.