Kucheka Kwenye Kilio cha Mukubwa

Waseminari watatu walituletea ulizo moja wakati wa mapumziko: je, ni zambi kuchekesha watu juu ya kifo cha mutu mwenye jina, kama mwimbaji au prezidenti, mutu ambaye hatukumuona kwa macho, na ambaye jamaa yake haitasikia kamwe kicheko chetu? Walikuwa wamebishana usiku, na kila mumoja alitaka tumupe haki. Siku ile hatukuwapa jibu. Tunalitafuta hapa, kwa kuwa makatekista nao wanakuta shida hii kila mara katika telefone za wakristu wao.

John Pombe Magufuli, Prezidenti wa Tanzania, alikufa tarehe 17 Machi 2021 katika Dar es Salaam. Tangu mwisho wa Februari watu hawakumuona tena, na maneno mengi yalizunguka. Kiisha Makamu wake, Mama Samia Suluhu Hassan, akatangaza kifo katika televizio, akisema ni ugonjwa wa moyo. Sisi wa Goma si wageni wa Tanzania. Vitu vingi vya soko letu vinashuka kwenye bandari ya Dar es Salaam, na nyimbo zao vijana wetu wanazijua kwa moyo. Basi mizaha ilifika kwetu pamoja na habari, pengine mbele yake.

Juma lile tulikuwa kwenye kilio katika Katoyi, cha fundi mumoja wa mbao. Usiku, watu wakiwa wamekaa kando ya moto, kijana mumoja akawaonyesha jirani zake picha katika telefone: papai na mbuzi wamevaa nguo nyeusi, wamesimama karibu na sanduku la maiti. Wakacheka. Sisi pia, tukubali, tulitabasamu. Mama muzee aliyekaa pale akauliza wanacheka nini. Wakamwelezea. Akasema: «Mwanangu, huyu mulimuzika lini?» Kijana akajibu: «Hapana, Mama, sisi hatukumuzika. Ni prezidenti wa watu.» Mama akasema: «Basi muwaachie wenye kumuzika.» Akageukia sufuria yake.

Kwa musomaji asiyejua sababu ya papai: mwezi wa Mei 2020, Magufuli alieleza kwamba vipimo vya papai na vya mbuzi vilipelekwa kwa siri kwa wapimaji wa ugonjwa wa corona, na kwamba vilionekana vina ugonjwa. Alitaka kuonyesha kwamba upimaji ule si wa kuaminiwa. Tangu siku zile Tanzania haikutangaza tena hesabu za wagonjwa, mpaka kisha kifo chake. Wakati alipokuwa muzima, Mutanzania aliyechekesha watu juu ya papai alikuwa anamujibu mukubwa wake kwa neno ambalo mukubwa mwenyewe alilitoa. Kazi hiyo si ndogo. Tena ilikuwa na bei, maana sheria ya mwaka 2015 juu ya makosa ya mitandao iliwapeleka watu mbele ya hakimu kwa sababu ya maneno waliyoyaandika katika telefone. Mutu anayejua kwamba kesho anaweza kuitwa na polisi, na bado anacheka, tunamuheshimu.

Lakini mutazame papai lile lile mwezi wa Machi 2021. Neno ni lile lile, picha ni ile ile, na kazi imekwisha. Anayejibiwa hasikii. Anayecheka, hapa Goma, hakuogopa kitu jana na haogopi kitu leo. Hapo ndipo tunaona kosa la muzaha huu, hata kama ungekuwa umetengenezwa vizuri sana (na ile picha, kusema kweli, ilitengenezwa vizuri).

Waseminari wanaosoma Mutakatifu Tomasi wanajua kwamba hakatazi kucheka. Katika Summa, sehemu ya pili ya Sehemu ya Pili, ulizo 168, anasema roho inahitaji kupumzika kwa michezo kama mwili unavyohitaji usingizi, na anahesabu kati ya fazila tabia ya mutu anayejua kuchekesha kwa kipimo. Lakini ulizo 75 linazungumza juu ya muzaha unaokusudia kumuletea mwenzetu haya, na pale anakuwa mukali. Ulizo la marafiki wetu watatu limekaa kati ya kurasa hizo mbili. Marehemu hawezi tena kuona haya. Je, muzaha unamupiga nani? Hatukupata jibu katika vitabu. Tulilipata kwa kukumbuka vilio.

Maana ni uongo kusema kwamba mababu zetu walilia tu. Kwetu mujukuu anacheza na babu yake hata siku ya mwisho, na hakuna anayemukaripia. Katika Tanzania desturi ya utani ni kubwa kuliko hapo: Munyamwezi na Muzaramo ni watani, na mumoja akifa, mutani anakuja kilioni anaigiza sauti ya marehemu, anataja ubahili wake na mwendo wake, anazuia maiti njiani mpaka alipwe kitu kidogo. Mugeni anayeona mambo hayo mara ya kwanza anaweza kuzani watu wamerukwa na akili. Lakini atazame mikono ya yule mutani. Ndiye anayesaidia kuchimba kaburi. Ndiye anayepasua kuni na kuchota mayi. Kinywa kinacheka, na bega limebeba. Wenye musiba wanapokea kicheko chake kwa sababu amekuja, na kwa sababu kesho, akifa yeye, watamufanyia vile vile. Kuzika wafu ni moja ya matendo ya huruma; mutani anaitimiza akicheka. Ile picha ya papai ilikuwa na kinywa cha mutani pasipo bega lake.

Wengine watatupinga: je, tumusifu tu, na wale waliokufa bila kuhesabiwa? Hapana. Kuna neno la Kilatini, ambalo kila museminari analijua, la kuwasema wafu kwa wema tu. Neno hilo si Injili. Mujane aliyepoteza bwana wake mwaka ule na sasa anasema kwa hasira kwamba wakubwa walificha ugonjwa, huyo asikilizwe, na mwenye kuandika historia aandike. Inchi inayowasifu wafalme wake wote kisha kuwazika haitajifunza kitu. Sisi Wakongo tunajua. Lakini hasira ya mujane na ile picha havifanani hata kidogo. Daudi alikuwa na haki ya kumuchukia Sauli, aliyemuwinda kama munyama. Habari ya kifo ilipomufikia, alirarua nguo zake, akalia, akatunga wimbo, na katika wimbo huo hakutaka habari ifike Gati, kwa maadui, wasije wakafurahi. Alijua kicheko cha Gati kingekuwa cha namna gani: kicheko cha watu ambao hawatakuja kwenye kilio.

Mumoja kati ya wale watatu hakukubali. Anapenda sana nyimbo za Delcat Idengo. Huyu mwimbaji aliwasema wakubwa kwa ukali, akafungwa zaidi ya mara moja. Alikuwa katika gereza la Munzenze, hapa Goma, mpaka wafungwa walipotoka mwezi wa Januari 2025, na tarehe 13 Februari alipigwa risasi katika muji wetu, akafa. Tukamuuliza museminari: «Kama mutu wa Dar es Salaam angetengeneza picha ya kuchekesha juu ya mwili ule, ungesema nini?» Alinyamaza. Kiisha akasema: «Padri, ile ni kitu kingine. Idengo ni wetu.»

Ni kweli, ni wetu. Na Magufuli naye alikuwa na watu wake. Tarehe 21 Machi 2021 waliingia kwa maelfu katika kiwanja cha Uhuru kumuaga, wakasongamana, na polisi walihesabu 45 waliokufa. Wakati ule ule picha ya papai ilikuwa bado inazunguka katika Goma.

Katekista mumoja alituuliza kama atoke katika kundi la telefone la mutaa wake, kwa sababu ya mizaha ya namna hii. Tulimujibu asitoke. Wakati mwingine, picha ikifika, aulize tu katika kundi nani anaijua jamaa ya marehemu, na kama kuna Misa ya kumuombea.