Gharama ya Shingo Ndefu

Watu wengi wakimwona twiga huanzia shingoni na kuishia hukohuko. Mimi humtazama kuanzia chini. Kiangazi kikikolea Tarangire, mto unapobaki mkondo mwembamba katikati ya mchanga, twiga hushuka kunywa, na hapo ndipo pa kuiangalia miguu yao kwa utulivu. Ni myembamba, mikavu, imenyooka kutoka gotini hadi kwatoni. Jike mzima ana kilo zipatazo 800, dume aliyekomaa huweza kupita 1,200, na uzito huo wote umesimama juu ya vidole viwili kwa kila mguu. Huoni uvimbe kifundoni wala ngozi iliyolegea. Ukishajua damu iliyomo humo imebanwa kwa nguvu kiasi gani, ukavu ule wa miguu unakuwa jambo la kustaajabisha kuliko shingo yenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Damu inaposimama wima ndani ya mshipa, kila mita moja ya kimo huongeza shinikizo la milimita 77 hivi za zebaki upande wa chini, na hupunguza kiasi hichohicho upande wa juu. Kutoka moyo wa twiga hadi ubongo wake kuna takriban mita mbili. Kwa hiyo milimita zaidi ya 150 hutumika kuipandisha damu tu, na ikishafika, ubongo nao unadai shinikizo lake la kawaida kama ubongo wa mnyama mwingine yeyote. Ndiyo maana shinikizo la damu la twiga, likipimwa kwenye usawa wa moyo, ni karibu mara mbili ya letu. Kwa binadamu huo ni ugonjwa wa kulazwa. Kwa twiga ndiyo afya.

Shingo ina gharama, basi, na gharama hiyo hailipwi shingoni peke yake. Inalipwa na moyo, na ngozi ya miguu, na vena, na figo, na mifupa ya bega. Kadiri ninavyozidi kumsoma mnyama huyu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ufundi wake haumo katika urefu. Urefu ungeweza kuwa balaa. Ufundi umo katika mamia ya marekebisho madogo yaliyofanya urefu huo uwezekane.

Turudi miguuni. Shinikizo ambalo tayari ni kubwa moyoni huongezeka tena kwa kimo cha miguu yote. Kwa mnyama wa kawaida, maji ya damu yangechuja kutoka kwenye mishipa midogo na kujaa chini ya ngozi, miguu ikavimba. Mwaka 1987, Alan Hargens na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti walioufanya juu ya suala hilihili. Walieleza kwamba ngozi ya mguu wa twiga pamoja na utando ulio chini yake vimekaza sana, kiasi kwamba maji hayapati nafasi ya kujikusanya. Hospitalini, mwenye vena zilizolegea miguuni hupewa soksi maalumu za kubana. Twiga amezaliwa nazo. Kila anapopiga hatua, misuli hukaza na kuisukuma damu irudi juu, na vali zilizomo ndani ya vena huizuia isishuke tena. Ateri nazo zina kuta nene, na katika mguu wa mbele, chini kidogo ya kiwiko, uwazi wa ateri hupungua ghafla, hivyo nguvu ya damu hupunguzwa kabla haijafika kwenye mishipa laini ya chini.

Kile tunachokiita goti la mbele kwa kweli ni kifundo cha mkono. Mfupa mrefu ulio chini yake una mfereji upande wa nyuma, na ndani ya mfereji huo imelala kano imara inayovutika. Mwaka 2014, Chris Basu na wenzake wa London walionyesha kwamba kano hiyo hubeba sehemu ya mzigo bila kuutegemea msuli, ili mnyama mwenye miguu myembamba namna ile aweze kusimama kutwa nzima bila kuchoka. Wanyama wengine wenye kwato pia wana kano ya aina hiyo. Kwa twiga imewekwa mahali panapoilinda zaidi, na mzigo wake ni wa kutisha.

Kuhusu moyo, inasemwa mara nyingi kwamba twiga ana moyo mkubwa ajabu. Vipimo havikubaliani na usemi huo. Ukilinganisha uzito wa moyo na uzito wa mwili, twiga hawapiti kwa mbali wanyama wenzake. Kinachotofautiana ni umbo. Ukuta wa chumba cha kushoto, kile kinachosukuma damu kuelekea mwilini, ni mnene sana. Kwa dume mkubwa unaweza kukaribia sentimita 8. Uwazi ulio ndani yake ni mdogo. Kwa hiyo kila pigo hutoa damu kidogo, lakini huitoa kwa nguvu nyingi. Naona hapa uamuzi wa busara kuliko ukubwa: kiasi kilekile cha nyama, kimepangwa upya.

Tena moyo huo hauharibiki. Kwa binadamu, shinikizo la juu la miaka mingi hukakamaza moyo na kuchakaza figo. Mwaka 2021 watafiti waliosoma jeni za twiga waliripoti kuhusu jeni moja, FGFRL1, yenye mabadiliko yasiyo ya kawaida. Waliyaingiza mabadiliko hayo kwa panya wa maabara, kisha wakawapa dawa ya kupandisha shinikizo la damu. Panya wale walihimili vizuri kuliko wenzao, moyo na figo zao zikaumia kidogo, na mifupa yao ilikuwa imeshikamana zaidi. Sehemu moja ya maandishi ya mwili, na inagusa moyo na mfupa kwa pamoja! Mnyama anayehitaji kurefusha mifupa na kuimarisha mishipa kwa wakati mmoja amepata vyote viwili karibu mahali pamoja.

Sasa shingo. Ina pingili saba, idadi ileile waliyo nayo binadamu, mbuzi na panya, na kila moja kwa twiga mzima ina urefu wa robo mita au zaidi. Viungo vyake ni vya kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe, ndiyo maana shingo ndefu kiasi hicho hupinda kwa ulaini badala ya kuvunjika kama fimbo. Wajapani wawili, Megu Gunji na Hideki Endo, walionyesha mwaka 2016 kwamba pingili ya kwanza ya kifua nayo ina uhuru wa kusogea kwa twiga, ingawa imebeba mbavu. Kwa okapi wa misitu ya Ituri, ndugu yake wa karibu kuliko wote walio hai, uhuru huo ni mdogo. Twiga hakuongezewa pingili ya nane. Ile iliyokuwa ya kifua imefundishwa kazi ya shingo, huku ikiendelea na kazi yake ya zamani.

Na nani anaishikilia shingo hiyo juu mchana kutwa? Si msuli. Kutoka kisogoni hadi mgongoni imepita kano nene ya manjano inayovutika, na huo mwinuko tunaouona mabegani ni miiba mirefu ya pingili za kifua ambako kano hiyo na misuli ya shingo vimejishikiza. Kano huvuta kichwa juu muda wote. Kwa hiyo kusimama wima kwa twiga ni mapumziko, na kazi ni kuinama. Nililipenda jambo hili tangu nilipolielewa, kwa sababu linageuza kila nilichokuwa nikidhani ninakiona.

Mtazame pia anapocheua. Simama karibu kiasi, upepo ukiwa umetulia, utaona donge likitoka chini ya shingo na kupanda, kwa haraka na bila kusitasita, hadi taya zianze kusaga. Kisha litashuka, na baada ya kitambo kifupi jingine litapanda. Umio unaosukuma donge zito la majani kwenda juu mita mbili una misuli ya kustahili heshima. Koo la hewa, kwa upande wake, lina tatizo la namna nyingine: hewa iliyobaki ndani ya bomba refu haifiki mapafuni, inakwenda na kurudi bure. Suluhisho lilikuwa kulifanya bomba hilo jembamba kuliko ambavyo ungetarajia kwa mnyama mkubwa hivyo.

Si kila kitu kimerekebishwa. Ipo neva inayotoka ubongoni kwenda kwenye zoloto, safari ambayo ingeweza kuwa ya sentimita chache. Badala yake, tawi la kushoto hushuka shingo nzima, likauzunguka mshipa mkuu karibu na moyo, kisha likapanda tena shingo nzima hadi zoloto. Kwa twiga mkubwa ni zaidi ya mita nne za uzi wa fahamu. Njia hiyohiyo imo mwilini mwetu, na chanzo chake ni mababu waliofanana na samaki, ambao shingo hawakuwa nayo. Wako wanaoitaja neva hii kana kwamba ni aibu ya twiga. Mimi siioni hivyo. Inanionyesha kazi iliyofanywa juu ya kifaa kilekile cha zamani, bila nafasi ya kukifumua na kuanza upya, na bado ikafaulu.

Lakini mtihani wenyewe ni maji. Twiga anaweza kukaa siku kadhaa bila kunywa, kwa sababu majani ya migunga humpa unyevu mwingi, na akija mtoni haharakishi. Husimama mbali kidogo akiangalia. Simba anajua vizuri saa hiyo. Twiga aliyesimama ana teke linaloweza kuvunja fuvu la simba. Twiga aliyeinama hana ulinzi huo. Anasogea, anasita, anarudi nyuma. Hatimaye anatanua miguu ya mbele, au anaikunja, na kichwa kilichokuwa zaidi ya mita nne juu ya ardhi kinashuka hadi majini.

Fikiria sasa kinachotokea ndani. Dakika moja kabla, moyo ulikuwa ukisukuma damu kupanda mita mbili. Ghafla ubongo uko chini ya moyo. Nguvu ileile ya moyo, na uzito wa damu juu yake, vyote vinaelekea kichwani. Kinachomwokoa ni mambo kadhaa yanayofanya kazi pamoja. Chini ya ubongo kuna mtandao wa vijiateri vilivyosokotana ambao damu hupita kabla ya kuingia. Vena kubwa za shingoni zina vali zinazozuia damu iliyokwisha kutumika isirudi kichwani. Na vena hizohizo, shingo inapoelekea chini, hujaa: zaidi ya lita moja ya damu inaweza kukaa humo. Damu iliyokaa shingoni haijarudi moyoni, na moyo usiopokea kingi hausukumi kingi, hivyo shinikizo hushuka lenyewe wakati hasa linapopaswa kushuka.

Halafu anainua kichwa. Mara nyingi ni kwa ghafla, kwa sababu ameona kitu ng'ambo ya mto, na matone yanaruka kutoka midomoni. Binadamu anayeinuka haraka kitandani huona kizunguzungu, na kichwa chake hakijapanda hata mita moja na nusu. Twiga hupandisha chake kimo cha nyumba, kisha anakimbia papo hapo. Ile damu iliyokuwa imetunzwa shingoni imeteremka moyoni kwa mkupuo, moyo umeipokea na kuipiga juu. Nimetazama kitendo hicho kila nilipopata nafasi na sijawahi kukichoka.

Ngozi yake nayo ingestahili makala yake. Mabaka ya twiga wa Kimasai yana kingo zilizochanika, na chini ya kila baka kuna mishipa inayolizunguka na matawi yanayoingia ndani yake, hivyo joto la mwili hupata mahali pa kutokea. Mwaka 2018, Derek Lee na Monica Bond, waliofanya kazi eneo hilihili la Tarangire, waliripoti pamoja na wenzao kwamba baadhi ya sifa za mabaka, kwa mfano jinsi yalivyo mviringo, hurithiwa kutoka kwa mama, na kwamba sura ya mabaka inahusiana na uwezekano wa ndama kuvuka miezi ya mwanzo.

Ndama huyo hubebwa miezi 15 hivi. Mama huzaa akiwa amesimama, kwa hiyo mtoto huanguka kutoka karibu mita mbili. Ana kimo kinachozidi cha watu wengi, takriban mita 1.8, na pembe zake ni gegedu laini, zimelala kichwani na hazijaungana na fuvu. Kwa kawaida, ndani ya saa moja huwa amesimama. Shingo yake, kwa uwiano wa mwili, ni fupi kuliko ya mama, na shinikizo la damu analolihitaji bado ni la kadiri. Katika miaka inayofuata shingo itarefuka upesi kuliko miguu. Graham Mitchell na John Skinner, waliowapima twiga wa umri mbalimbali kusini mwa Afrika, walikuta kwamba unene wa ukuta wa kushoto wa moyo unafuatana na urefu wa shingo: mmoja ukiongezeka, mwingine nao huongezeka. Kuta za ateri za miguuni nazo hunenepa. Ujenzi wote huo unaendelea ndama akiwa kazini, ananyonya, anajaribu majani ya kwanza ya mgunga, anakimbia nyuma ya mama yake kuelekea mtoni.