Turner na Mji wa Majini

J. M. W. Turner, mchoraji wa Kiingereza, aliuzuru mji wa Venice mara tatu tu: 1819, 1833 na 1840. Siku zote hizo zikijumlishwa hazitimizi majuma manne. Hata hivyo aliendelea kuonyesha picha za mji huo mjini London hadi 1846, umri wake ukiwa umepita miaka sabini. Wapo wanaodai kwamba Venice yake ni ndoto ya ukungu tu, haihusiani na mji wenyewe. Dai hilo halina mashiko.

Katika safari ya kwanza Turner alijaza madaftari kwa penseli: kuba, ngazi, madirisha, milingoti. Lakini picha zake za kwanza za Venice za rangi za mafuta hazikuonyeshwa hadharani ila 1833, miaka kumi na minne baadaye, na kabla hajarudi huko. Katika mojawapo amemweka Canaletto, bingwa wa Venice wa karne ya 18, akiwa kazini. Hiyo ni heshima, na papo hapo ni ushindani. Canaletto huonyesha jumba jinsi lilivyojengwa. Turner hutazama lifanyavyo jumba hilo linapoangusha kivuli chake majini, mpaka ukuta na maji visitengane tena. Ukungu wake, basi, umetokana na kuyajua mawe, wala si kuyakwepa.

Mwaka 1836 alimweka Juliet wa Shakespeare katika usiku wa Venice, ilhali kwao ni Verona. Mhakiki mmoja wa gazeti la Blackwood's alimkebehi vikali. John Ruskin, kijana wa miaka 17, akaandika utetezi ambao Turner mwenyewe alimshauri asiuchapishe. Mhakiki yule alidai ramani kwa mtu aliyeleta usiku.

Yafaa kukiri kwamba picha hizi zilipata wanunuzi, na si zote zenye uzito sawa. Iliyo bora ni ile ya kisiwa cha makaburi, ya 1842. Jamhuri ya Venice ilikuwa imeanguka tangu 1797, na mji ulikuwa chini ya Austria. Turner hakuchora askari wala magofu. Amechora bahari shwari, na matanga mawili meupe yaliyosimama wima kama mbawa, kivuli chake kikishuka majini, na makaburi yako kando.