Neno "Hifadhi" na Vitenzi Viwili vya Kiingereza

Kiingereza kina vitenzi viwili vya shina moja la Kilatini, 'preserve' na 'conserve', nao watafsiri wetu wamezoea kuvifasiri vyote viwili kwa neno moja, hifadhi. Katika vitabu vingi mazoea hayo hayadhuru. Katika nchi iliyo baina ya Karatu na Serengeti yamedhuru.

Mwingereza atiaye matunda katika sukari yasioze hutumia 'preserve'. Lakini maji ya kisima yakipungua hutumia 'conserve', yaani huyateka kwa kiasi asije akayamaliza. Kitenzi cha kwanza chataka kitu kisigeuke. Cha pili chakubali kwamba kitu kitatumiwa, nacho chauliza kipimo tu. Ubishi wa John Muir na Gifford Pinchot huko Marekani juu ya bonde la Hetch Hetchy, ambalo Bunge liliruhusu mwaka 1913 litiwe bwawa, ulihusu tofauti hiyo hiyo.

Sheria za 1959 ziliigawa nchi yetu ile kwa kufuata maana hizo mbili. Serengeti ikawa mbuga isiyokaliwa na watu. Wamaasai waliotolewa humo waliahidiwa makao Ngorongoro, eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,300, ambamo watu, mifugo na wanyama wa porini wangeishi pamoja. Kwa Kiingereza maeneo hayo yana majina mbalimbali. Kwa Kiswahili yote ni hifadhi: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, Hifadhi ya Ngorongoro. Msomaji hana njia ya kutambua kwa jina kwamba moja haina wakazi, na nyingine ina wenyeji wake.

Hebu tulipime neno lenyewe. Mkulima wa Karatu akisema amehifadhi mahindi, twajua yamo ghalani, hayaguswi. Akisema anatunza shamba, twajua jembe li mkononi. Mfugaji atengaye malisho ya ndama karibu na boma, ng'ombe wakubwa wasiyamalize, huyo atunza malisho. Basi katika usemi wa bara hifadhi laelekea upande wa 'preserve'. Pwani mambo si mepesi hivyo. Aliyehifadhi Kurani huishika kwa kuisoma tena na tena, na akiacha kuisoma humponyoka. Hapo matumizi ndiyo yahifadhiyo. Naona hiyo ndiyo maana waikusudiayo wenyeji wa Ngorongoro wasemapo kwamba wao ndio walioihifadhi nchi, nao hujibiwa kwa maana ya ghala. Kila upande hudhani mwenzake akana jambo lililo wazi. Tangu 2022, kaya zilipoanza kuhamia Msomera katika wilaya ya Handeni, ubishi huo si wa makamusi tena.

Wala haifai kusingizia uhaba wa maneno. Lugha hii hii imekwisha kupambanua pori la akiba na pori tengefu, tena bila taabu. Napendekeza utunzaji kwa Ngorongoro, na hifadhi liachiwe mbuga. Wengine watasema kwamba utunzaji wanuka ulezi na uuguzi. Kwangu hilo si kosa, maana kitunzwacho hakikosi mtu wa kukitunza. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba itabidi kubadili sheria, jina la mamlaka, na maandishi ya langoni Lodoare. Vitabu vya shule havihitaji kungoja hayo.