Murakami na Sisi Tuliotembea

Kitabu hiki nimekisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikisoma kama mpenzi wa riwaya zake, nikakiona chepesi. Mara ya pili nilikuwa nimeanza kukimbia, nikakipenda kupita kiasi, nikawa nawasumbua watu nacho ofisini. Mara ya tatu ilikuwa mwaka jana. Goti lilikuwa limegoma, na mtaalamu wa viungo akaniambia niachane na lami kwa muda, nihamie kwenye maji na baiskeli. Hapo ndipo nilipoanza kubishana na kitabu, na ubishi huo ndio nauleta leo.

Ninazungumzia What I Talk About When I Talk About Running, cha Haruki Murakami. Kwa Kijapani kilitoka 2007, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza kwa tafsiri ya Philip Gabriel, ambayo ndiyo niliyoisoma. Jina la kitabu ameliazima kwa Raymond Carver, Mmarekani ambaye Murakami mwenyewe amemtafsiri kwa Kijapani. Wengi wanakitaja kama kitabu cha mbio, na kweli kurasa nyingi ni za mbio. Lakini ukikifuata mpaka mwisho utaona ni habari ya mkimbiaji wa ridhaa anayehama, taratibu na kwa kusuasua, kutoka kwenye mbio kwenda kwenye traiathloni. Hoja yangu ni hii: Murakami anaandika vizuri zaidi pale anapofanya kitu asichokiweza.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, traiathloni ni michezo mitatu kwa mfululizo bila kupumzika: unaogelea, unaendesha baiskeli, unamalizia kwa kukimbia. Umbali wa Olimpiki ni kilomita 1.5 za maji, 40 za baiskeli na 10 za mbio. Ule mrefu, unaoitwa Ironman, ni kilomita 3.8 majini, 180 kwenye baiskeli, halafu marathoni nzima. Ulianzia Hawaii Februari 1978. Watu 15 waliingia majini, 12 wakamaliza. Na hapa kwetu Afrika Mashariki si habari ya mbali tena, maana mwaka 2022 Rwanda iliandaa mashindano ya nusu ya umbali huo pale Rubavu, kando ya Ziwa Kivu.

Mwaka huohuo wa 1978, mwezi Aprili, Murakami alikuwa amekaa uwanjani Tokyo akitazama besiboli, likamjia wazo kwamba anaweza kuandika riwaya. Alikuwa na miaka 29, anaendesha baa ya muziki wa jazz. Baadaye akaiuza baa ili aandike tu, na mwaka 1982, akiwa na miaka 33, akaanza kukimbia. Kabla ya hapo alikuwa akivuta sigara 60 kwa siku. Mwaka uliofuata alikwenda Ugiriki, akakimbia peke yake kutoka Athens mpaka Marathon katikati ya joto la Julai.

Sehemu hii ya kitabu inafundisha, na sitaki nionekane naidharau. Murakami anasema mwandishi wa riwaya anahitaji kipaji, umakini na ustahimilivu. Kipaji hupewi kwa kuomba, lakini hayo mawili mengine yanajengwa kila siku, kama misuli. Kwa sisi tunaoandika habari za kutakiwa saa kumi na moja jioni, na bado tunajidanganya kwamba riwaya itakuja yenyewe siku moja, maneno hayo yanauma. Nilianza kuamka saa kumi na nusu alfajiri kwa sababu ya kurasa hizo. Riwaya bado haijaja, lakini kuamka naamka.

Ubishi wangu wa kwanza ni kuhusu upweke. Murakami anakimbia ili awe peke yake, na anasema hivyo bila aibu. Anakimbia kando ya Mto Charles kule Marekani, muziki masikioni, hakuna anayemuuliza kitu. Sasa njoo Ubungo. Natoka Msewe giza bado halijaisha, napanda kuelekea Chuo, nazunguka mpaka Sam Nujoma, narudi kwa chini. Kwa muda huo nimesalimia mlinzi, nimempa shikamoo bibi anayewasha jiko la vitumbua, nimekimbizwa na mbwa, na konda amening'inia mlangoni ananiuliza, "Kaka, unamkimbia nani?" Upweke wa Murakami una gharama, na kuna mtu ameilipia: njia safi, mto uliotunzwa, muda usiodaiwa na mtu. Yeye anauelezea kama tabia yake ya kuzaliwa. Haulizi hata mara moja kama tabia hiyo ingeota kwenye udongo mwingine.

Tufike sasa 1996, mwaka ambao ni bawaba ya kitabu kizima. Juni 23, Murakami anakimbia kilomita 100 kuzunguka Ziwa Saroma, kaskazini mwa Japani. Anatumia saa 11 na dakika 42. Kurasa za mbio hizo ndizo zinazotajwa zaidi, na kwa haki. Mwili unakataa, kisha akili inazimika, anabaki kama mashine inayosogea. Anamaliza, na hatembei hata hatua moja. Lakini baada ya hapo kitu fulani kinakatika. Hamu ya kukimbia inapungua, na haelewi kwa nini. Anaita hali hiyo huzuni ya mkimbiaji. Ni katika huzuni hiyo ndipo anapogeukia traiathloni, kama mtu anayehama mtaa kwa sababu nyumba ya zamani ina kumbukumbu nyingi mno.

Nilipoisoma tarehe ile kwa mara ya tatu, nilifunga kitabu. Mwezi mmoja kabla yake, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikakaribia kufika Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Mama yangu ni mtu wa Kagera. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka redio, nakumbuka wageni waliojaa sebuleni kwetu na kulia kwao. Tangu siku ile nyumbani kwetu kukawa na sheria moja isiyoandikwa: maji yasivuke goti. Tumekulia Dar, sikukuu tunakwenda Coco Beach kama watu wote, tunakunja suruali, tunasimama pale povu linapoishia, tunapigwa picha, tunarudi Ubungo. Nimefika miaka 34 nikiwa na bahari mjini kwangu na sijui kuogelea.

Silaumu kitabu cha Kijapani kwa kutoijua MV Bukoba. Ninachosema ni kwamba msomaji anakwenda kwenye kitabu na maji yake mwenyewe. Na nilipofika kwenye sura mbili za mwisho, zile za traiathloni, nilimkuta Murakami mwingine kabisa.

Mwaka 2000, kwenye mashindano ya mji unaoitwa Murakami kama yeye, mkoani Niigata, aliingia majini pumzi zikamkataa, na safari ikaishia hapohapo. Yule mtu wa kilomita 100! Miaka ikapita bila kurudi kwenye mchezo. Baadaye ndipo alipong'amua kwamba tatizo lilikuwa hofu iliyomfanya ahemee juu juu. Akatafuta walimu, wengine wanajua kuogelea lakini hawajui kufundisha, mpaka akampata mwanamke mmoja aliyemrekebisha kidogo kidogo, mkono mmoja baada ya mwingine. Oktoba 2006, ana miaka 57, anarudi mji uleule. Anajipaka Vaseline mwilini, kisha kwa mikono ileile anashika miwani ya kuogelea. Matokeo yake haoni mbele. Mtu mwenye nidhamu kuliko wote unaowajua, na kosa lake ni la mtoto.

Hapa maandishi yake yanabadilika. Katika sura za mbio, Murakami anajua. Anajua kilomita zake 60 za kila wiki, anajua mapigo ya moyo wake, anajua hata falsafa ya maumivu. Wakati mwingine anajua mno, mpaka unatamani ajikwae. Kwenye maji na baiskeli hajui. Sentensi zinalegea, utani unaingia, anajicheka. Kwa mara ya kwanza kuna mtu mwingine kwenye kitabu mwenye kazi ya kweli, yule mwalimu. Upweke wake umevunjika, na kitabu kinapumua.

Mimi mwalimu wangu ni kijana wa miaka kama 22 anayefundisha watoto kwenye bwawa la hoteli. Nafasi aliyokuwa nayo ilikuwa kundi la wenye miaka minane. Wiki tatu za kwanza nimeshika ukingo, napuliza mapovu, huku mtoto wa watu ananitia moyo, "Anko, usiogope, maji hayang'ati." Bila sura ile ya Murakami ningekimbia siku ya pili.

Na hapo hapo ndipo ubishi wangu mkubwa ulipo. Murakami anasema angependa jiwe la kaburi lake limtaje kama mwandishi na mkimbiaji, na liongeze kwamba walau hakutembea. Wasomaji wengi wanaipenda sehemu hiyo, wengine wameiweka hadi kwenye fulana. Mimi naiona ndiyo kasoro ya kitabu. Baada ya kuonyeshwa na maji kwamba kushindwa kunafundisha, anarudi kwenye kiburi cha mkimbiaji, kana kwamba kutembea ni aibu ya kuzikwa nayo au kutozikwa nayo.

Sisi tuna John Stephen Akhwari wa Mbulu. Oktoba 20, 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico, alianguka, akaumia goti vibaya. Wakimbiaji 75 walianza. 57 walimaliza, naye alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, giza limeingia, mguu umefungwa bendeji, akichechemea. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma akamalize. Kwa kipimo cha lile jiwe la Murakami, Akhwari amefeli. Kwa kipimo chetu ndiye tunayemkumbuka. Na katika mji ambao siku usafiri ukiwa mgumu watu wanatembea kutoka Kariakoo mpaka Kimara na kesho wanaamka kwenda kazini, neno kutembea haliwezi kuwa tusi.

Naomba nimalizie ya kwangu, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Hivi karibuni, watu wanne tusio na klabu wala fulana tulijipangia traiathloni yetu Kunduchi, fupi kabisa: mita 750 za bahari, kilomita 20 za baiskeli, tano za mbio. Baiskeli ya mbio ya Murakami imeandikwa jina la wimbo wa Bryan Adams. Yangu ni mtumba wa Japani, ina kikapu mbele na kibandiko ambacho sijui kinasema nini. Majini nilisimama mara mbili kwenye mchanga. Kwenye mbio, kilomita ya tatu, miguu ikawa kuni. Nikatembea. Nilimfikiria Murakami na jiwe lake, nikacheka peke yangu, nikaendelea kutembea mpaka nilipoweza tena kukimbia. Nilimaliza wa nne.

Jioni nilimpigia Mama, maana nilikuwa nimemficha. Akanyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Maji yalikufika wapi?" Nikamwambia yalipita kichwa. Akanyamaza tena. "Ulitoka mwenyewe?" Nikasema, ndiyo Mama, nilitoka mwenyewe. Akasema, "Haya," na akaanza kuniuliza kama nimekula.

Sisi waandishi wa habari tunajua kuandika washindi. Septemba 2025 Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia, huko huko Tokyo kwa Murakami, akimzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03, tuliandika usiku kucha, na alistahili. Lakini habari ya mtu anayekimbia bila kumshinda yeyote hatuna pa kuiweka kwenye ukurasa. Hata Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, kumbukumbu zake zimetoka kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, mwili unaotoka jasho tumewaachia watangazaji wa mpira. Ndiyo maana nakitetea kitabu hiki hata ninapokipinga: kinaonyesha kwamba mtu wa kawaida, kwa mwendo wa kawaida, anatosha kuwa mada ya fasihi.

Kisomeni basi. Ukikiona kinajisifu katikati, usikitupe, vumilia ufike kwenye maji. Na kama nawe una habari yako ya bwawa, ya baiskeli au ya kutembea, iandike kwa Kiswahili utuletee. Mimi Jumamosi narudi baharini, safari hii Mama anajua.